Ghorofa inaelea, ngazi haifiki, sakafu haipo: kutafuta tatizo la leveli kwenye programu ya kuchora nyumba

Hii naandikia mtu anayechora nyumba kwa laptopu, yake mwenyewe ama ya mteja, na akafika mahali pa kuongeza ghorofa ndipo mambo yakaanza kuharibika. Nitaongea sana kuhusu Sweet Home 3D manake ni ya bure, inaenda hata kwenye mashine ya kawaida, na vijana wengi ninaokutana nao hapa Kampala wanaanzia hapo. Wenye Revit na ArchiCAD msiondoke, kuna yenu huko chini, na hesabu ni ileile.

Nianze na jambo moja ambalo lingenisaidia sana kama mtu angeniambia mapema. Shida ya ghorofa ikitokea macho yanakimbilia ukuta, unaanza kuvuta ukuta, unarefusha, unahamisha, na kila unachogusa kinazidi kuharibu. Acha ukuta kwanza. Fungua leveli (kila ghorofa kwenye programu ina leveli yake) usome namba zake tatu, kwa sababu karibu kila mara ugonjwa uko hapo.

NAMBA TATU

Bonyeza mara mbili kichupo cha leveli pale juu ya plani, dirisha linafunguka. Kuna Elevation, huo ni mwinuko, yaani kutoka sifuri ya ardhi mpaka JUU ya sakafu, pale unapokanyaga kabisa. Kuna Floor thickness, unene wa sakafu, na huu unahesabiwa kwenda chini kutoka hapo unapokanyaga. Alafu kuna Height, kimo, kutoka unapokanyaga kwenda juu mpaka chini ya slabu inayofuata, yaani sakafu ya zege ya ghorofa ya juu.

Kwa hiyo hesabu ni moja tu: mwinuko wa leveli ya juu = mwinuko wa leveli ya chini + kimo cha chini + unene wa sakafu ya juu.

Programu ikitoka kuinstoliwa inakupa kimo cha sentimita 250 na sakafu ya sentimita 12, ndiyo maana ukiongeza ghorofa unaikuta imekaa 262. Sasa hebu fikiria, nani hapa kwetu anajenga slabu ya sentimita 12 kwenye nyumba ya maxpan? Yale matofali ya udongo yenye matundu, yale ya Kajjansi, ukishayapanga, ukamwaga zege juu, ukaweka skridi (ile saruji ya kusawazisha sakafu) na taili, ushapita 20 zamani. Mimi nikichora nahesabu 25 mpaka injinia wa miundo aniletee yake. Na kimo cha 250 kwa joto letu ni kifupi, watu wengi wanataka mita 3. Kwa hiyo ghorofa yangu ya juu haikai 262, inakaa 300 + 25 = 325. Hizi namba 300, 25 na 325 zishike, nitazirudia mpaka mwisho.

GHOROFA YA JUU INAELEA, UNAONA MWANGA KATIKATI

Unazungusha picha ya 3D unaona nyumba imekatwa kiunoni, kuna ufa mrefu kuzunguka nyumba nzima na anga inaonekana upande wa pili.

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya watu wengi: ulipandisha mwinuko wa leveli ya juu lakini kuta za chini zilibaki na urefu wao wa zamani. Ukuta ukishachorwa unabeba kimo chake wenyewe, ukibadilisha kimo cha leveli baadaye ukuta haufuati. Kwa mfano wetu, leveli ya juu iko 325, sakafu yake ni 25, na kuta za juu zinashuka kufunika huo unene wa sakafu, kwa hiyo zinaanzia 300. Kuta za chini bado ni 250. Ufa wako ni sentimita 50 kamili, ukipima utaona ndiyo hiyohiyo. Dawa: nenda leveli ya chini, chagua kuta zote, fungua ile ya kubadilisha kuta, andika kimo 300, maliza.

Sababu ya pili ni kinyume chake. Kuta za chini ulizipa 300 lakini leveli ya juu uliiacha 262. Hapo huoni ufa, unaona kitu cha ajabu zaidi, kuta za sebule zimetoboa sakafu ya chumba cha kulala na zimesimama kama sentimita 38 juu ya sakafu, mtu anaweza kudhani ni benchi. Wengine wanazipunguza hizo kuta. Usifanye hivyo, rudisha leveli ya juu mahali pake, 325.

Na ukibadilisha kimo cha leveli ya chini usitegemee ya juu itajipandisha yenyewe. Kagua kila kichupo kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu ukiwa na karatasi na kalamu pembeni. Nyumba ya leveli tatu haikuchukui dakika tano.

Kuna na hii ya vipimo, ni fupi: mtu ameandika 3000 akidhani ni milimita na programu iko kwenye sentimita, nyumba inapanda mita 30. Ama programu iko kwenye futi na inchi manake kiwanja ni 50 kwa 100 na mbao zinauzwa kwa futi, kichwa kinachanganyikiwa. Ingia kwenye mapendeleo ya programu, chagua kipimo kimoja, kaa nacho mpaka mwisho wa kazi. Kiwanja cha 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, geuza mara moja mwanzoni usahau futi.

SAKAFU YA JUU HAIPO KABISA

Uko juu kwenye matembezi ya 3D, unatazama chini unaona sebule na viti vyake kana kwamba nyumba haina slabu. Hapa hakuna kosa la namba. Kwenye Sweet Home 3D kuta hazizalishi sakafu, sakafu inazaliwa na chumba. Chukua kifaa cha kuchora vyumba, bonyeza mara mbili ndani ya kuta zilizofungana, chumba kinajaa chenyewe. Kisipojaa basi kuna kona mahali kuta hazijagusana, sogeza picha karibu utaona uwazi mdogo, unganisha ujaribu tena. Korido nayo ni chumba, balkoni nayo ni chumba, watu wanasahau korido kila mara.

NGAZI

Hapa nitakaa, manake hapa ndipo kosa la kwenye skrini linageuka zege.

Malalamiko yanakuja kwa sura tofauti. Mmoja anasema ngazi inagonga slabu, hakuna tundu la kupita. Mwingine anasema ngazi iko chini lakini akienda kichupo cha juu haioni kwenye plani. Mwingine anasema ngazi inaishia chini ya sakafu. Mara nyingi wote watatu wana ugonjwa mmoja.

Programu inakata tundu kwenye slabu yenyewe, huhitaji kuchora tundu, lakini inakata tu kama kichwa cha ngazi kimefika kwenye mwinuko wa leveli ya juu. Ikipungua inahesabu hiyo ngazi kama kabati tu, kitu cha chini kisichohusiana na juu. Kwa hiyo kipimo cha haraka ni hiki: nenda kichupo cha juu, angalia plani. Ngazi ikionekana pale, imefika ama imekaribia. Isipoonekana, haijafika, na usitafute sababu nyingine kabla hujarekebisha hiyo.

Kurekebisha: chagua ngazi, fungua mabadiliko yake, kimo weka 325, sawa na mwinuko wa juu ukitoa mwinuko wa chini. Angalia tiki ya kudumisha uwiano, itoe kwanza, la sivyo ukiongeza kimo ngazi inanenepa upande na mbele na inaingia kwenye ukuta wa jikoni.

Kama kimo ni sawa na bado hakuna tundu, jiulize ngazi umeitoa wapi. Zile za kwenye katalogi ya programu, kwenye kundi la ngazi, zinajua kukata. Lakini kama ulidaunlodi modeli kwenye intaneti ukaiingiza kama fanicha ya kawaida, programu haijui kwamba hiyo ni ngazi. Iingize upya na kwenye zile hatua za kuingiza weka alama kwenye kisanduku cha ngazi. Na hakikisha juu kuna chumba kilichochorwa, kama sakafu haipo programu haina kitu cha kukata.

Sasa kwa nini nasema inageuka zege. Kuna nyumba nilichora Mukono, ya leveli mbili. Nilianza na zile namba za programu, ngazi nikaiweka kwa 262, ikakaa vizuri, nikachora choo cha wageni nyuma yake. Wiki mbili baadaye mama mwenye nyumba akasema anataka dari iwe juu, mita 3, na injinia akaleta slabu ya 25. Nikapandisha leveli, nikarefusha kuta, nikasafisha kila kitu, picha ya nje ikatoka safi. Ngazi sikuigusa. Nikaprinti.

Fundi wa pale ni mzee wa siku nyingi, kabla hajafunga mbao za ngazi yeye anachora stepu zote kwa chaki ukutani, na usawa wa sakafu ya juu anauleta kwa mpira wa maji, ule mpira mweupe unaoonyesha maji ndani, mmoja anashika huku mwingine anashika kule maji yakitulia wanapiga alama. Akanipigia simu.

"Injinia, shikamoo ya kazi. Hii ngazi yako imeisha lakini mimi bado sijafika juu."

"Mzee, haujafika kwa kiasi gani?"

"Karibu stepu nne."

Nikaenda. Nikasimama pale nikaangalia chaki, stepu ya mwisho ya karatasi yangu imechorwa, na juu yake kuna ukuta mtupu, kisha alama ya mpira wa maji iko huko juu peke yake. 325 ukitoa 262 ni 63. Sentimita 63 ndizo stepu karibu nne, kweli kabisa kama alivyosema. Na stepu nne si kwenda juu tu, zinakwenda na mbele pia, kila moja sentimita 28 za kukanyaga, kwa hiyo nilihitaji zaidi ya mita moja ambayo ilikuwa ni ukuta wa choo. Zege lilikuwa halijamwagwa, ukuta wa choo ulikuwa kozi tatu tu, yaani mistari mitatu ya matofali, ukavunjwa ukasogezwa. Yule mzee angekuwa ni mtu wa kufuata karatasi bila kupima tungemwaga ngazi isiyofika. Mpaka leo nikibadilisha leveli yoyote, kitu cha kwanza ninachogusa ni ngazi, kabla ya ukuta, kabla ya rangi, kabla ya kitu chochote.

Hesabu ya stepu yenyewe usiiachie programu, ile ngazi ya katalogi ukiirefusha haiongezi stepu, inazivuta tu, kila moja inakuwa ndefu. Chukua 325, gawanya kwa 17 hivi, unapata kama 19. Stepu 19 kila moja sentimita 17.1. Pa kukanyaga panakuwa 18 kwa sababu ya mwisho ni sakafu yenyewe, 18 mara 28 ni 504, mita 5 na kidogo. Kuna kanuni ya zamani, chukua kimo cha stepu mara mbili ujumlishe na pa kukanyaga, ikae kati ya 60 na 65 mguu unaenda bila kuchoka. 17.1 mara mbili ni 34.2, ongeza 28, ni 62.2, nzuri. Kama huna mita 5 za moja kwa moja ikunje, weka mahali pa kupumzikia katikati. Usiibe kwa kufanya stepu ya 20, bibi akija kutembelea utamwona anavyopanda.

Jambo moja zaidi ambalo picha haionyeshi. Mwinuko uliouandika ni wa zege ama wa taili? Amua, uandike kwenye mchoro. Sema sakafu zako chini na juu zote zitapata skridi na taili ya jumla sentimita 5, lakini stepu za ngazi zitapata 3 tu. Fundi akimwaga stepu zote sawasawa kwenye zege, siku taili zikiisha stepu ya kwanza itakuwa fupi kwa sentimita 2 na ya mwisho ndefu kwa sentimita 2. Watu wanajikwaa kwenye stepu ya mwisho wanasema nyumba ina mkosi, kumbe ni hesabu. Mimi mwinuko wote naandika wa sakafu iliyomalizika, na fundi namwambia kwa mdomo na kwa maandishi ashushe zege kiasi gani.

NYUMBA IMEPOTEA, SKRINI NI NYASI TUPU

Hii inawapata wanaofanya kazi vizuri kabisa, wale waliomlipa sevea akapima kiwanja. Ramani ya sevea inarudi na namba kama 1,192.60 pale kona ya juu na 1,189.80 kona ya chini. Hizo ni mita juu ya usawa wa bahari, manake Kampala yote iko huko juu, hata ziwa lenyewe, Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, liko karibu mita 1,135. Kijana anaichukua 1,192.60 anaiandika kwenye mwinuko wa leveli kama ilivyo. Programu iko kwenye sentimita, kwa hiyo nyumba inapaa karibu mita 12 angani, na wewe uko chini unatazama nyasi.

Chagua sehemu moja iwe sifuri yako, mara nyingi ni sakafu iliyomalizika ya chini. Tuseme unaikalisha sawa na kona ya juu, 1,192.60. Hiyo ni 0. Kona ya chini ni 1,189.80 ukitoa 1,192.60, ni mita -2.80, kwenye programu unaandika -280. Namba ya bahari iandike kwa maneno pembeni ya mchoro ili sevea na fundi wakutane. Na alama ya kwanza ambayo fundi anaanzia mpira wake wa maji ndiyo iwe hiyo sifuri yako, mwonyeshe kwa kidole siku ya kwanza saitini.

GEREJI IMEFUKIWA, KIWANJA KINA MTEREMKO

Hapa kwetu hii haikwepeki, ukitoka Muyenga ukaenda Buziga ukaenda Naguru ni vilima tu, na kiwanja cha bei nafuu mara nyingi ndicho kile kinachoteremka. Kwa mfano wetu kiwanja kinashuka mita 2.80, unaona kabisa kwamba chini ya sebule panatosha gereji.

Tengeneza leveli yenye mwinuko wa kushuka chini ya sifuri. Sakafu ya sebule iko 0, unene wake 25, kwa hiyo kimo cha gereji ni 280 kutoa 25, ni 255. Mwinuko wa gereji -280, kimo 255. Jaribu: -280 + 255 + 25 = 0. Imekaa. Angalia na ule unene wa sakafu ya leveli ya sebule, mara nyingi bado ni 12 kwa sababu wakati ilikuwa iko peke yake ardhini haikuwa na maana, sasa ina maana.

Ukichora chumba kwenye leveli iliyo chini ya sifuri, programu inachimba ardhi yenyewe pale. Kwa hiyo usisahau kukichora. Lakini hata ukichora, ukitoka nje utaona mlango wa gereji umetazamana na ukuta wa udongo. Sababu ni kwamba ardhi ya Sweet Home 3D ni tambarare kama meza, haijui mlima wako. Imechimba shimo la ukubwa wa gereji basi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, kwenye hiyohiyo leveli ya -280 chora chumba kingine nje, mbele ya mlango wa gereji, kikubwa mpaka mwisho wa kiwanja, ndiyo njia ya gari na uwanja wa chini. Ardhi itachimbwa hapo pia. Fungua mabadiliko ya hicho chumba uondoe tiki ya dari, la sivyo uwanja wako utakuwa na paa. Sakafu ipake rangi ya udongo ama nyasi. Ya pili, geuza hesabu, gereji iwe 0 na sebule iwe 280, alafu udongo wa upande wa juu uuwekee boksi kutoka katalogi, ulipe kimo cha 280 na rangi ya nyasi. Mimi napenda ya kwanza kwa sababu sebule inabaki 0 na mawasiliano na fundi hayachanganyiki, lakini kama mteremko uko pande mbili ya pili inaonekana vizuri zaidi kwenye picha.

Chochote utakachochagua, picha si ukuta wa kuzuia udongo. Ule ukuta wa gereji unaobeba mita karibu 3 za udongo wenye maji ya mvua ya Aprili haufai kuwa tofali la kawaida kwa sababu tu kwenye skrini umesimama. Hiyo mpe injinia.

KUTA ZA JUU HAZIKAI JUU YA ZA CHINI

Ukiwa leveli ya juu, kuta za chini zinaonekana kwa rangi hafifu nyuma, zitumie kama karatasi ya kufuatisha. Njia ya haraka ni kwenda chini, kuchagua kuta za nje peke yake, kunakili, kuhamia kichupo cha juu, kubandika. Kisha sogeza picha karibu sana kwenye kona mbili zinazotazamana, kama kimvuli kinachungulia pembeni rekebisha hapohapo kabla ya kuongeza kitu.

Kama unafuatisha picha ya skeni, kila leveli ina picha yake ya nyuma, usishangae ya chini haitokei juu. Wakati wa kuingiza programu inakuuliza urefu unaojulikana, alafu mahali pa kuanzia vipimo. Watu wanabonyeza popote. Chagua kona ileile ya nyumba kwa kila leveli, kona ambayo nguzo yake inapanda kutoka chini mpaka juu, na urefu uleule wa ukuta. Ukifanya hivyo leveli zote zinalaliana zenyewe.

LEVELI IPO LAKINI HAIONEKANI

Haraka haraka: fungua leveli, kuna tiki ya kuonekana, huenda ulitoa. Ama kwenye menyu ya 3D ulichagua kuonyesha leveli iliyochaguliwa peke yake, rudisha zote. Hiyo ya leveli moja si mbaya, laptopu yako ikiwa nzito inapunguza kazi sana. Na kwa kuwa umeme unaweza kwenda wakati wowote, kwenye mapendeleo weka kujihifadhi kila dakika 5.

WA REVIT NA ARCHICAD

Revit: umenakili mstari wa leveli, uko pale kwenye sekisheni, lakini hauna plani kwenye orodha. Angalia kichwa cha mstari, kikiwa cheusi badala ya bluu maana yake leveli haina plani, nenda kwenye menyu ya View uitengenezee. Kuta zisizofuata leveli ikipanda: juu yake hazijafungwa kwenye leveli, zina kimo cha namba tu, zifunge. Na hii inasumbua wengi, dirisha dogo la bafuni lililo juu halionekani kwenye plani. Plani ya Revit kwa kawaida inakatwa milimita 1200 juu ya sakafu, dirisha lako linaanzia 1500, limepitwa. Dirisha halijapotea, pandisha mkato wa hiyo plani.

ArchiCAD: Ctrl+7 inafungua orodha ya ghorofa. Ukuta ukikosa kufuata, angalia ghorofa yake ya nyumbani na kama juu yake imeunganishwa na ghorofa inayofuata.

MAJINA

Nimeacha hili mwisho lakini limeniletea safari nyingi za boda. Mteja akikwambia "ghorofa ya kwanza" uliza tena. Kuna anayemaanisha ile ya kwanza kupanda, kwa hesabu ya Kiingereza tuliyoizoea maofisini hapa, na kuna anayemaanisha ile ya chini kabisa kwa sababu ndiyo ya kwanza kuingia. Nimewahi kupeleka vyumba vya wageni juu wakati mama alivitaka chini kwa ajili ya mzee wake asiyeweza kupanda. Siku hizi vichupo vyangu naviandika "Chini", "Juu 1", "Juu 2", "Gereji", pamoja na mwinuko palepale kwenye jina, "Juu 1 +325", na mteja ninamsomea hivyohivyo.

Na ukitaka kufuta leveli iliyozidi, simama kidogo. Ukifuta leveli kila kitu kilichochorwa juu yake kinaondoka nayo, kwa Sweet Home 3D na kwa Revit pia, kuta, milango, vitanda, vyote. Hifadhi faili kwa jina lingine kwanza, hamisha unachotaka kubaki nacho, alafu ndiyo ufute.